Fremu Haina Kosa

San Floriano, 8 Machi 2009

Kaka Loris,

Sisi huku wazima, isipokuwa mmoja, na huyo nitamfikia. Naandika kwa sababu mashine za kiwandani zimekula masikio yako, na mimi sina mapafu ya kupiga kelele kutoka huku Veneto, Italia, mpaka Uswisi. Sasa kaa chini kwanza. Umekaa? Nimeipata baiskeli yako.

Padri Callisto alifariki wakati wa Noeli, Mungu amrehemu, na wapwa zake wanaikomba nyumba ya parokia utadhani wanafukuzwa. Nilikwenda kuomba mitungi ya kuhifadhia matunda. Nyuma ya banda la kuku nikaona maharage makavu ya mwaka jana yamejisokota kwenye chuma. Nikafuta kinyesi kwa aproni, ikatokea ile rangi ya samawati, halafu herufi nyeupe za Mama kwenye bomba la juu: LORIS. Unakumbuka alivyoziandika, brashi ndogo mkononi, ulimi nje, huku Baba akimwambia aache kutetemeka? Nililia pale pale mbele ya kuku. Kumbe ulipoondoka Baba alimpa padri, na padri akaipanda mpaka magoti yakamshinda. Matairi hakuna, kiti kimeliwa na panya, mnyororo ni donge la kutu. Fremu imenyooka.

Asiye mzima ni Severino. Moshi wa kuchomelea shaba umemla mapafu. Karakana ya baiskeli ameifunga, siku nzima anakaa dirishani, mikono yake mirefu inaning'inia mpaka sakafuni. Mama alikuwa anasema huyu anaweza kufunga kamba za viatu bila kuinama. Sasa ndivyo ilivyo kweli, maana kuinama hawezi tena. Jina lako halitaji. Lakini kila nikilitaja mimi, ananiambia nifungue dirisha.

Mwezi wa tisa kuna yale matembezi ya baiskeli za zamani. Wazee wanavaa fulana zao za sufi zilizowabana matumbo, wanapanda kilima cha Monfumo, wakifika juu wanakula soseji na kujisifu. Njoo upande na wewe. Njoo umwone kaka yako kabla sijakuandikia barua ya aina nyingine. Nimechoka kusimama katikati ya punda wawili, na mimi pia nazeeka.

Dada yako,
Ines


Winterthur, 22 Machi 2009

Mdogo wangu Ines,

Ungeiacha kwa kuku.

Nimekaa siku kadhaa na barua yako mezani. Kila nikila nasukuma sahani kando nisiitie supu. Wewe ulikuwa msichana wa miaka kumi na mitano na siku ya mashindano ya Monfumo hukuwapo, kwa hiyo unajua yale tu waliyosema kule baa. Nikwambie yangu.

Yule bwana wa timu ya kulipwa alikuwa ndani ya gari jeupe, kioo kimeshushwa. Baba alishawaambia watu wote kwamba jioni hiyo mwanawe atasaini mkataba. Katikati ya mwinuko mgongo ukanikamata kama kawaida yake, vidole vikafa ganzi. Maumivu hayo niliyapata tangu siku ya kwanza niliyoipanda ile baiskeli. Nilimweleza Severino mapema, akasema mabingwa hulala juu ya baiskeli wamejinyoosha, nami ni mvivu wa kujinyoosha. Basi nikajinyoosha hadi nikashindwa. Nikashuka, nikakaa kwenye majani pale kwenye kona ya kikanisa. Wenzangu wakapita. Gari jeupe likapita, kioo kimepandishwa.

Jioni Baba hakunisemesha. Severino aliiinua baiskeli jikoni mbele ya wote, akazungusha gurudumu, akalitazama mpaka likasimama, akasema: "Fremu haina kosa." Hakuongeza neno. Na kwetu nani angebisha? Fremu yetu sisi akina Bordignon haikuwahi kuwa na kosa tangu enzi za babu. Mwenye kosa alikuwa huu mwili. Kesho yake nikapanda treni.

Miaka yote hiyo nilimlaumu yeye. Nilimlaumu kwa Waswisi, nikamlaumu kwa marehemu mke wangu hadi akaniomba nibadilishe wimbo. Na sasa unaniambia anahema kwa shida, najikuta namkumbuka alivyonipima jikoni: mimi nimesimama na soksi, kitabu cha sala cha Mama kimebanwa katikati ya miguu, ninyi wanawake mmegeukia ukutani mnacheka. Mtu anakupima hivyo, anakutengenezea chombo kwa mikono yake, nawe unashuka kwenye majani na kumtia aibu. Asiyeweza kazi husingizia jembe, na mimi nimesingizia maisha yangu yote.

Msomee hii sehemu, tafadhali. Severino, nisamehe. Baiskeli ilikuwa nzuri. Mimi ndiye sikuitosha.

Nitakuja mwezi wa tisa. Jambo moja tu: msiiguse rangi. Safisheni, tieni mafuta, wekeni matairi mapya, lakini rangi na mwandiko wa Mama vibaki vilivyo.

Loris


San Floriano, 5 Aprili 2009

Kaka Loris,

Nimemsomea. Nilisubiri amalize mchuzi wake, nikavaa miwani, nikasoma yote, hata ya gari jeupe. Nilipofika pale unapomwomba radhi, aligeukia ukuta. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha, kichwa kigumu kitakufa na ugumu wake. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni kikohozi, nikamshika mgongo. Hakikuwa kikohozi.

"Isome tena hapo mwisho," akasema.

Nikasoma tena.

"Anasema ni yeye?"

"Anasema ni yeye. Masikio nayo yamekufa kama ya mwenzako?"

 Halafu akasema, "Mwambie nimemsamehe." Na barua akaichukua, akaikunja ndogo, akaiweka chini ya mto.

Loris, sikumbuki lini nilifurahi namna hiyo. Nilitoka nje nikamwambia hata jirani Gelmina, ambaye simpendi. Asubuhi Severino akataka baiskeli iletwe karakanani. Nikamwambia nitampa fundi yeyote wa mjini, yeye atulie. Akanitazama utadhani nimemtukana marehemu Mama. "Ile haiguswi na mtu mwingine," akasema. Basi nimeisukuma mwenyewe mpaka mlangoni, nimemfungulia, na leo ameshinda humo amekaa mbele yake akiitazama. Mezani amekula polenta vipande viwili. Naona unamponya kwa posta.

Ines


San Floriano, 14 Aprili 2009

Loris,

Barua yako nimesomewa. Nimekusamehe. Tusiyarudie.

Nataka vipimo vyako vya sasa nipange kiti. Simama peku, mgongo ukutani. Sakafu mpaka msamba. Msamba mpaka shimo la koo. Bega mpaka ngumi iliyofungwa. Upana wa mabega. Usijipime mwenyewe, watu hujidanganya. Na asikupime mlevi.

Mapafu si mabaya kama Ines anavyosema.

Severino


Winterthur, 26 Aprili 2009

Kaka yangu Severino,

Hilo neno lako moja nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Sina mengi ya kusema juu yake kwa sababu umekataza, lakini jua kwamba usiku huo nililala bila kuamka, jambo ambalo daktari wangu na vidonge vyake hawajaliweza.

Vipimo viko kwenye karatasi ya pili. Amenipima fundi cherehani wa Kikalabria anayekaa ghorofa ya chini, na hakuwa amelewa, au tuseme alikuwa hajalewa bado. Alicheka sana. Anasema hajaona mwili uliopangwa ovyo namna hii: miguu ya mtu mrefu, juu yake kiwiliwili cha mtoto. Nikamwambia nyumbani waliniita Korongo na wala si yeye wa kwanza kucheka. Tumbo ndilo jipya, lile halikuwepo uliponipima jikoni.

Lakini niambie, kupanga kiti kunahitaji urefu wa mkono na koo? Unanishonea suti au unanichongea jeneza? Au ndio ustadi wa wazee, ninyi wa shule ya Baba, hampangi hata kengele bila kumpima mtu mwili mzima? Haya, nimepimika. Nimeazima baiskeli ya jirani, jioni nazunguka mtoni nijizoeze. Mgongo unalia kidogo, lakini safari hii sitashuka. Hilo nakuahidi. Hata nikifia kwenye kona ya kikanisa, nitafia kwenye kiti.

Na rangi, kaka, tafadhali. Jina la Mama liache.

Mdogo wako,
Loris


San Floriano, 20 Juni 2009

Kaka Loris,

Nimekasirika na nani mwingine nimwambie kama si wewe uliyenisababishia. Mgonjwa wangu amekuwa mwizi. Nikienda kanisani anakwenda karakanani. Nikienda sokoni anakwenda karakanani. Mlango anaufunga kwa ndani. Juzi nilipita dirishani nikaona mwali wa gesi ya kuchomelea, mwanamume ambaye daktari amemkataza hata kukaa karibu na jiko la kuni! Nikagonga mpaka kiganja kikauma. Akatoka, uso umemvimba, akikohoa vitu ambavyo sitaviandika.

"Unachomelea nini, mwendawazimu wewe?"

"Kutu imekula viungo."

"Kutu gani? Nilikuta fremu imenyooka!"

"Wewe unajua mitungi ya matunda. Fremu niachie mimi."

Basi najua mitungi ya matunda. Lakini najua pia kuwa akichomelea mara moja analala siku nzima na midomo ya bluu, kisha anaamka anarudi. Gesi nilimfichia bandani, akaitafuta akiwa amejishikilia ukuta mpaka akaipata. Nimemwita daktari, akamwambia wazi kwamba anajiua. Severino akamjibu, "Namaliza wiki chache." Daktari anazungumzia kifo, mwenzake anadhani ni kazi.

La pili, na hili ndilo ninaloogopa kukuambia: rangi imeondoka. Yote. Anasema ukishatia moto huwezi kuiacha. Nilimuuliza jina la Mama liko wapi, akasema ataliandika upya. Nilimwambia Mama ameshakufa, ataliandikaje upya? Akaniambia nifungue dirisha, na tulikuwa nje.

Mwandikie. Wewe ukimwambia aache, ataacha.

Ines


Winterthur, 3 Julai 2009

Severino,

Mara mbili niliomba kitu kimoja. Sikuomba ing'ae. Sikuomba iwe mpya. Niliomba jina lililoandikwa na mkono wa Mama libaki mahali alipoliweka, na wewe umelichoma. Hata kwenye mambo ya kusameheana lazima uwe wewe ndiye fundi na mimi ndiye mteja asiyejua kitu.

Nilitaka kuandika mengi zaidi ya hayo, na niliyaandika, nimeyachana. Ines anasema unakohoa vitu asivyotaka kuviandika. Acha hiyo baiskeli. Kama kutu imekula viungo, vimeliwa. Nitaipanda ikilia, nami nitalia nayo. Nakuja kukuona wewe, chuma sikihitaji. Usiku nafikiria tutakaa dirishani tunywe kidogo, na sitakuuliza lolote.

Acha, kaka. Sikuamuru. Nakuomba.

Loris


San Floriano, 27 Agosti 2009

Loris,

Severino amefariki leo alfajiri. Alikuwa kitandani, nami nilikuwa nimemshika mkono. Barua yako ya Julai nilimsomea. Alisema, "Atakuja kuelewa akiipanda," akarudi kazini.

Baiskeli ameimaliza siku tatu zilizopita. Jina ameliandika mwenyewe, herufi zimepinda.

Mazishi ni Jumamosi. Njoo.

Ines


Winterthur, 4 Oktoba 2009

Ines,

Najua nimeondoka kama mwizi, usiku, bila kukuaga, na kahawa uliniandalia. Najua umekaa wiki mbili ukijiuliza umenikosea nini. Hukunikosea. Nilikuwa siwezi kukaa meza moja na picha yake ile yenye utepe mweusi. Sasa nikueleze, maana ukisikia kwa wengine watasema uzee umenipanda kichwani.

Ulinishangilia asubuhi ile ya matembezi pale uwanjani, na Gelmina wako kando, nimevaa fulana ya sufi ya Baba. Nilipanda, nikapiga pedali mpaka nje ya kijiji, na kabla ya daraja nilishaanza kuogopa. Hapakuwa na kitu kinachouma. Mikono ilikuta usukani bila kuutafuta. Mgongo ulilala mahali pake kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake. Nikajiambia ni furaha, ni hewa ya nyumbani, ni grappa ya mazishi bado inazunguka kichwani. Tukaanza Monfumo. Wenye umri wangu wakashuka wakasukuma. Mimi nikapanda. Kona ya kikanisa nikaipita nimekaa kwenye kiti, natafuna ule mwinuko, mzee wa miaka sitini mwenye tumbo, na vijana wananipigia makofi.

Juu kabisa wakanipa soseji na bilauri. Niliviweka chini. Nilirudi chini kwa miguu mpaka ile kona, nikakaa kwenye majani yale yale, nikaanza kuipima ile baiskeli kwa kiganja. Baiskeli yangu naijua, Ines. Mtu haisahau fimbo iliyomchapa. Ile ya zamani, nikiwa nimenyoosha mikono mpaka mwisho, bado usukani ulikuwa mbele yangu. Hii ni fupi. Amekata mabomba mawili ya mbele, la juu na la chini yake, akaweka mengine mafupi, akachomelea upya, akapaka rangi juu ya vyote. Kutu haikuwepo. Hakuna fundi anayehitaji urefu wa mkono na shimo la koo kwa ajili ya kiti. Alikuwa anatengeneza fremu. Alikuwa ananitengenezea fremu yangu kwa mara ya kwanza.

Sasa fikiria ya kwanza ilimtosha nani. Kiwiliwili kirefu, mikono mpaka magotini. Unamjua mwingine kijijini mwenye umbo hilo? Alinisimamisha jikoni na kitabu cha sala katikati ya miguu, akachukua vipimo vyangu mbele ya Mama, kisha akanipa ya kwake. Alijua. Nilipolia mgongo alijua, akaniambia nijinyooshe. Usiku ule akalizungusha gurudumu mbele ya Baba, akasema fremu haina kosa, naye alikuwa anajua ni kosa la nani. Nilikuwa na miguu, Ines. Siku ile nilikuwa na miguu ya kumfikia yeyote. Nimekwenda kubonyeza bati kwenye kiwanda cha watu mpaka masikio yakafa, nikiamini kwamba mimi ni mtu wa kushuka kwenye majani. Nilimwambia hivyo mke wangu siku tuliyochumbiana, ili asije akasema sikumwonya.

Na hilo ningelimeza. Haki ya Mungu ningelimeza, Baba alikuwa mgumu, sote tulikuwa wadogo. Lakini mwaka huu nilimwandikia nikamwomba msamaha. Mimi! Na akaupokea! Akageukia ukuta, akakuuliza "Anasema ni yeye?", akaona hakuna anayejua, akasema nimemsamehe. Alikuwa na miezi mitano ya kuniandikia mstari mmoja. Akaona ni rahisi zaidi kujiua kwa moshi kuliko kuandika mstari huo. Wewe utasema alijitolea. Mimi nasema alikuwa anafuta ushahidi, na mapafu yake yakawa ndiyo bei.

Angeniachia ile mbovu. Ningepanda, mgongo ungenikamata kwenye kona, ningeshuka, ningerudi kwako nikicheka na kulaumu uzee, na ningekufa namwamini kaka yangu. Sasa amenifanyia baiskeli inayonikaa vizuri na ameninyang'anya hata hilo.

Naomba kitu kimoja. Ile barua yangu ya msamaha, aliyoweka chini ya mto, nirudishie. Ni yangu. Sitaki ilale nyumbani kwake.

Loris


San Floriano, 18 Oktoba 2009

Kaka Loris,

Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimekwenda karakanani. Nilitaka kukutukana. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno: kwamba wewe hukusikia kifua chake kikikoroma, kwamba hukufua mashuka yale, kwamba mtu anayefuta ushahidi hakohoi namna ile. Kisha nikavuta kasha la tupa chini ya meza yake ya kazi, nikakuta mabomba mawili ya samawati yamefungwa kwa kitambaa safi. Moja lina mwandiko wa Mama. Hakulichoma. Alikata kwa uangalifu pembeni ya herufi, akalificha.

Basi sitakutukana. Na kwa kuwa umeuliza fremu ilimtosha nani, nitakuambia ninachokijua, ingawa sikujua kwamba nakijua. Majira yale ya baridi, kabla hujashinda mbio za kijiji, Severino alimwomba Baba mabomba ya kujitengenezea. Alitaka kushindana yeye pia. Ulikuwa hulijui hilo? Hakuna aliyelijua ila Baba na mimi niliyesikia, alikuwa anaona aibu. Baba akakubali. Kila baada ya kazi Severino akawa anaichomelea yake polepole. Ukashinda wewe. Jumapili hiyo mezani Baba akasema, "Hiyo unayochomelea ni ya Loris. Miguu ya nyumba hii ni yake, wewe Mungu amekupa mikono." Wewe ulikuwa baa unasherehekea. Severino aliweka kijiko chini, akasema, "Sawa, Baba." Wiki iliyofuata ndipo alipokupima jikoni, mimi nikageukia ukutani nikacheka. Na fremu ilikuwa tayari imesimama karakanani, Loris. Nilikuwa nimeipangusa vumbi kwa mkono wangu. Binti wa miaka kumi na mitano angejuaje kwamba mtu hupimwa kwanza?

Sikwambii haya ili umhurumie. Wakati mwingine namwonea huruma, saa nyingine nataka kwenda makaburini nikampige teke. Angeweza kumwambia Baba mabomba yameshakatwa. Angeweza kukuambia wewe. Aliweza kukutazama ukilia mgongo msimu mzima, akala nawe meza moja. Halafu akanitumia mimi mwezi wa nne kumpelekea mtu msamaha usiokuwa wake kutoa, nami nikatoka nje nikamtangazia Gelmina. Ninyi wawili mmenifanya tarishi wa uongo, na mmoja wenu hata hakujua.

Barua yako siwezi kukurudishia. Siku mbili kabla ya kufa aliniomba niitoe chini ya mto nikaitie kwenye koti lake la suti, mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Akanifanya niahidi. Nilimvalisha koti hilo mwenyewe na nikakipapasa kile kikaratasi kuhakikisha kipo, na wewe ulipofika ukambusu paji la uso, ulikiegemea kwa mkono. Nilidhani ni upendo. Nililia kwa jinsi nilivyodhani ni upendo. Sasa sijui nimezika nini.

Bomba lenye jina la Mama nimelifunga kwenye magazeti na nakutumia pamoja na barua hii. Lile jingine nimelitupa mtoni, na usiniulize kwa nini.

Baiskeli ipo karakanani, imefunikwa shuka. Binamu wa Gelmina aliniomba aijaribu, nikamruhusu kwa hasira tu. Alizunguka uwanja mara moja akarudi, akasema ni nzuri mno lakini haimkai. Nimejaribu kuitafutia mtu tangu Jumatatu. Haimkai yeyote hapa.

Dada yako,
Ines